Upepo Uliobaki

Inspekta Badria alisimama kwenye ua wa kituo, mikono kiunoni, mbele ya gari, Noah nyeupe iliyobonyea pembe ya kushoto. Bila kugeuka akamwambia Sajini Duni, "Mlete fundi."

"Hapa nje, Afande? Mkuu kasema asitoke mahabusi mpaka faili liende kwa mwendesha mashtaka."

"Faili linakwenda alasiri. Sasa hivi bado asubuhi. Mlete, na pingu umfungue. Sijapata kumuona mtu akikaza nati na pingu mkononi."

Duni alikwenda huku akinung'unika. Alikuwa askari mtiifu, ila utii wake ulipenda kupitia kwa mkuu wa kituo kwanza.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba, na mkuu aliyapenda mafaili membamba. Jana, Ijumaa, gari hii ilitoka kwenye gereji ya Haroub, nyuma ya majumba ya Michenzani, ikiwa imetiwa pampu mpya ya pawa stelingi. Barabara iliponyooka ilikwenda. Ilipofika kona moja ya Chukwani ikakataa kugeuka, ikaupiga ukuta wa watu, na chini ya ukuta huo alikuwa amekaa Bi Mwatum na sinia lake la maandazi. Bi Mwatum alivunjika paja. Dereva, Silima, naye alivunjika mkono, akalazwa. Kutoka kitandani kwake Silima alieleza kwamba stelingi ilikuwa nzito haigeuziki, na kwamba Haroub alimpa gari mbovu huku akijua. Ripoti ya ukaguzi ilikuwa sentensi moja: pampu mpya haifanyi kazi. Kwa hayo tu Haroub alikuwa anakwenda kushtakiwa kwa uzembe uliojeruhi watu, na mkuu alishasema wazi kwamba ataomba afungwe.

Badria aliichukia ile sentensi. Pampu mpya ikikataa kazi kuna sababu, na aliyeandika hakujisumbua kuitafuta. Yeye mwenyewe aliendesha gari kuukuu iliyomfundisha mengi kwa kumuaibisha njiani, na alijua kwamba stelingi huwa nzito kwa mambo zaidi ya moja. Alikuwa na asubuhi nzima ya kuyapitia, na hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Haroub alitolewa. Mtu wa makamo, mabega mapana, kanzu yake ya Ijumaa imekunjamana kwa kulaliwa.

"Assalaamu alaykum, Afande."

"Waalaykumu salaam. Haroub, maelezo yako nshayasoma. Leo nataka unioneshe. Stelingi ikiwa nzito baada ya kutiwa pampu, wewe unaanzia wapi?"

Haroub aliitazama gari, na neno lake la kwanza halikuwa la ufundi. "Silima kasema mie nlijua?"

"Kasema."

"Silima tunakaa ghorofa moja, Afande, mlango kwa mlango. Mkewe alipojifungua mie ndo nliyewapeleka hospitali." Akakunja mikono ya kanzu yake. "Haya. Naanzia kwenye mkanda."

Duni alitoa simu kupiga video, kama alivyoagizwa, wasije wakaambiwa kesho kwamba ushahidi umechezewa. Boneti lilipinda upande mmoja lakini lilifunguka. Haroub aliubonyeza kwa kidole gumba mkanda unaozungusha pampu, akampisha Badria naye aubonyeze. Ulikuwa umekaza vizuri.

"Ukilegea, pampu inazunguka kivivu," Haroub alisema. "Huu hauna neno."

"Linalofuata?"

"Mafuta." Alifungua kikopo cha mafuta ya stelingi, akachovya kidole, akanusa, akamsogezea Badria naye anuse. "Ndo yenyewe. Wengine wanatia yoyote wanayoyakuta gerejini, halafu wanalaumu pampu."

Kisha akalala chini ya gari na kanzu yake ile ile, Badria akachutama kando yake na tochi. Walifuata paipu moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa kavu, hakuna iliyovuja wala iliyojikunja. Mkono wa stelingi nao ulikuwa umenyooka. Ukuta ulikula taa na bampa tu.

"Usiache kurekodi," Badria alimwambia Duni, akaingia mwenyewe kwenye kiti cha dereva.

Injini iliwaka, na chini ya boneti kukatoka sauti ya kukoroma. Badria aligeuza stelingi kushoto. Ikagoma. Akaongeza mkono wa pili na bega, ikasogea kwa shida, na kule kukoroma kukazidi.

"Njoo uone, Afande!" Haroub aliita. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeko gerejini kwake.

Ndani ya kikopo, mafuta yalikuwa yameumuka povu tupu, kama juisi ya pera inayotoka kusagwa sasa hivi.

"Pampu nzima hii," Haroub alisema. "Inalia kwa sababu inatafuna upepo. Mafuta yakichanganyika na upepo hayana nguvu ya kusukuma. Gari hii haijatolewa upepo."

"Kwa nini haijatolewa?"

"Kwa sababu sikumaliza! Nlitia pampu, nkamimina mafuta, nkaenda nyumbani kukoga niwahi Ijumaa. Nlimpigia Bi Nasima, mwenye gari, nkamwambia upepo ndo uliobaki. Natoka msikitini, gari haipo."

"Bi Nasima kaandikisha kwamba ulimwambia iende."

"Sikumwambia iende!"

"Neno lako na lake," Duni alisema, simu imekaza usoni pa Haroub.

"Kwa hiyo tusitumie maneno," Badria alisema. "Haroub, toa upepo. Tuone kama pampu ni nzima au unajitetea."

Haroub aliinua mbele ya gari kwa jeki. Injini ikiwa imezimwa, akageuza stelingi hadi mwisho wa kulia, hadi mwisho wa kushoto, taratibu, tena na tena. Kila mara kikopo kilipopungua alisimama akaongeza mafuta. Vipovu vilipanda juu vikapasuka. Vilipoanza kuadimika akaomba injini iwashwe, akarudia mchezo ule ule, mpaka kule kukoroma kukafifia na kisha kukakatika kabisa. Mafuta yakatulia, mekundu, safi.

"Shusha jeki," Badria alisema. Gari ikiwa juu kila stelingi ni nyepesi, na yeye hakuwa mtu wa kudanganywa na jeki.

Magurudumu yakagusa chini. Badria akageuza. Ilikuwa nafuu kubwa, lakini bado iliburura.

"Imepungua, haijaisha," alisema.

Haroub alikunja uso. Alizunguka mbele, akainama, akaliminya tairi la kulia kwa kiganja, kisha la kushoto. Alipoinuka alikuwa amekasirika kikwelikweli.

"Nani katoa upepo mipira hii?"

Badria akainama naye kulitazama tairi. Neno moja, upepo, lilikuwa limempita masikioni asubuhi ile, kutoka kinywa kile kile, kwa mambo mawili tofauti. Aliliacha kwanza likae.

Duni ndiye aliyelipuka. "Hujuma, Afande! Muuza madafu pale gerejini alieleza kamuona mtu wa kanzu na kofia kachutama ubavuni mwa gari. Na Wakil, dereva mwenzake Silima wa Mlandege, waligombana juzi kwa ajili ya abiria. Nimemwita, yuko benchini."

"Ijumaa mchana, Duni, mtu wa kanzu na kofia ni mji mzima."

Hata hivyo alimwita. Wakil alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na kichwa kilichonyolewa kiking'aa.

"Uligombana na Silima?"

"Kila siku, Afande. Tukishamaliza tunanunuliana kahawa."

"Jana, saa Haroub alipokwenda kukoga, ulikuwa wapi?"

"Kwa kinyozi, Mlandege. Nusu kichwa kishanyolewa, nusu bado. Hebu niambie, mtu anatoka vile kwenda kumhujumu mwenzake? Watoto wangenifuata mpaka Michenzani."

Badria alitaka kucheka akajizuia. "Duni, mpigie kinyozi. Halafu lete kipimo cha upepo."

Kinyozi alithibitisha, tena kwa kejeli, kwamba Wakil alilalama mwanzo mpaka mwisho. Kipimo kilipoletwa, Badria aliyapima matairi ya mbele mwenyewe. Yote mawili yalikuwa na upepo nusu ya unaotakiwa, na yalilingana sawasawa.

"Tazama hapa," alimwambia Duni. "Kama ukuta ndio uliolipunguza, lingepungua la kushoto peke yake. Yamelingana. Na vile vifuniko vidogo vya tundu la upepo, vyote vimerudishwa vikakazwa. Umepata kumuona adui anayetoa upepo, akalinganisha kushoto na kulia, halafu akafunga vifuniko?"

Duni alifikiri. "Adui angetoboa."

"Au angevitupa vifuniko akakimbia. Huyu hakukimbia. Huyu alikuwa anafanya kazi, na alidhani anaifanya vizuri."

Haroub alijaza upepo. Safari hii Badria aligeuza stelingi kwa kidole kimoja, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, na gari haikutoa hata mlio. Duni alirekodi kidole kile kwa karibu.

"Rudi ndani, Haroub," Badria alisema. "Si kwa muda mrefu."

Duka la vitambaa la Bi Nasima lilikuwa Mlandege, kwenye uchochoro wa watu wengi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuzoea kushindana na pikipiki.

"Shikamoo, Bi Nasima."

"Marahaba, mwanangu. Mshamfunga yule fundi? Kamvunja mama wa watu vile, na dereva wangu!"

"Bado. Nnataka maneno aliyokwambia kwenye simu. Sitaki maana yake, nnataka maneno yenyewe."

"Nshaandikisha. Alisema iende."

"Hakuna mtu anayepiga simu akasema 'iende' akakata. Alianzaje?"

Bi Nasima aliweka chini mkasi. Alionekana kuudhika, kisha akaanza kukumbuka, kwa kuwa alikuwa na kumbukumbu nzuri na aliionea fahari. "Alisalimia. Akasema pampu nshatia. Akasema, upepo tu uliobaki, Bi Nasima, ikishatolewa upepo iende. Alikuwa mbiombio, akakata."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nkampigia Silima. Nkamwambia kaichukue gari, lakini fundi kasema itolewe upepo kwanza, basi uitoe upepo mipira ya mbele."

"Mipira? Haroub alitaja mipira?"

"Kwani upepo wa gari unakaa wapi, mwanangu? Kwenye viti?" Bi Nasima aliwatazama wateja wake wawili kutafuta msaada, nao wakatikisa vichwa kumuunga mkono. "Tena mie mwenyewe nlikuwa nshalalamika, gari inarukaruka kwenye mashimo, mipira imejaa kupita kiasi. Nkajua ndo dawa yake."

"Kwa nini hayo hukuyaandikisha?"

"Hamkuniuliza. Mliuliza kama fundi alisema iende. Alisema iende."

Badria alimweleza, kwa utaratibu, upepo uliokuwa ndani ya mafuta ya stelingi na jinsi unavyotolewa. Bi Nasima alisikiliza kwa ubishi, kisha bila ubishi. Mwisho akaketi juu ya robota la kitambaa.

"Kwa hiyo mie nlimwambia atoe upepo usiokuwa wenyewe," alisema. "Na ule wenyewe ukabaki."

"Vyote viwili vikaongeza uzito. Utayarudia haya mbele ya Duni, neno kwa neno?"

"Ntayarudia hata mbele ya jaji. Maskini Haroub. Nshamtangaza mji mzima." Aliona haya, na hakujaribu kuificha.

Hospitali, Silima alikuwa ameegemezwa mito, mkono wa kulia umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Alipomuona Badria alijaribu kukaa.

"Bi Mwatum vipi, Afande? Hapa kila mtu nkimuuliza ananambia nipumzike."

"Kafanyiwa upasuaji salama. Atatembea, lakini si leo wala mwezi ujao. Silima, jana kabla hujaitoa gari gerejini, uliifanya nini?"

"Sikuifanya kitu. Nlichukua ufunguo pale anapouweka siku zote, nkatoa upepo mipira ya mbele, nkaondoka."

Alilisema hilo wazi kabisa, kama mtu anayeeleza kwamba alifunga mlango. Badria alivuta kiti akaketi.

"Ulitoaje?"

"Kidogo kulia, kidogo kushoto, ili ilingane. Bi Nasima alinambia ndo alivyoagiza Haroub. Na Haroub akisema kitu cha gari, mie sibishi, huyo fundi kweli." Alisita. Ile sifa ilikuwa imemtoka yenyewe, na sasa ilikaa vibaya kando ya maelezo yake ya jana.

Badria akamtolea simu, akamwonesha video aliyotumiwa na Duni: povu ndani ya kikopo, vipovu vinavyopasuka, kidole kimoja kwenye stelingi. Hakuongeza neno. Silima alitazama mpaka mwisho, akaomba airudie, akatazama tena.

"Ah," alisema taratibu. "Upepo wa pampu."

"Wa pampu. Alikuwa hajaumaliza. Alikwenda kukoga."

"Mie nlidhani kanipa gari mbovu, tena mie jirani yake. Nlilala usiku kucha namchukia, Afande. Wallahi nlimchukia."

"Bado kuna swali moja, nalo si la Haroub wala la Bi Nasima." Badria aliishusha sauti yake, lakini hakuilainisha. "Stelingi ilikuwa nzito toka unatoka Michenzani. Uliisikia. Ilikoroma mbele yako njia nzima. Kwa nini hukusimama?"

Silima aligeuzia uso dirishani. Swali hilo Badria alikuwa nalo toka asubuhi, toka alipoongeza bega lake mwenyewe kuigeuza stelingi ile, na alijua kwamba faili zima linakaa juu yake.

"Wageni walikuwa wanashuka uwanja wa ndege," Silima alisema hatimaye. "Nshavaa kanzu na kofia yangu, nlitaka nipite Chukwani nisali, kisha niwawahi. Nlisikia nzito, ndiyo. Nkasema pampu mpya, itazoea, kama kiatu."

"Haikuzoea."

"Haikuzoea." Alimgeukia. Macho yalikuwa mekundu. "Basi aliyemvunja Bi Mwatum si Haroub."

"Si Haroub."

"Ni mie."

"Wewe ndiye uliyeona kosa na ukaendelea kuendesha. Sheria itakuuliza hilo, na mimi ndivyo nitakavyoandika. Nitaandika pia kwamba ulifanya ulichoambiwa, na kwamba hukuficha."

Silima alitikisa kichwa kukubali. Badria aliyaandika maelezo mapya, akamsomea yote, hakuruka la kumuumiza. Mkono wa kulia haukuweza kushika kalamu, kwa hiyo Silima akatoa dole gumba la kushoto, akalikandamiza kwenye wino na kisha kwenye karatasi, kwa nguvu, mpaka Badria akamwambia inatosha.

Kisha Badria akampigia Duni. "Mpelekee mkuu maelezo ya Bi Nasima na video. Ya Silima nnayaleta. Akishaviona, Haroub anatoka."

"Keshaviona, Afande. Kanung'unika kidogo, akasaini. Haroub yuko hapa mbele yangu anavaa viatu."

Silima alikuwa amenyoosha mkono mzima. Badria akampa simu.

"Haroub? Ni mie, Silima."

Silima akafumba macho kama mtu anayengoja kupigwa. Badria aliweza kuisikia sauti ya fundi ilipokuja, nzito, imechoka, haina hasira.

"Mkono upi uliovunjika?"

"Wa kulia."

"Sasa nani anakulisha?"

Machozi yalimshuka Silima, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa maana ule mmoja ulikuwa umeshika simu.

"Hakuna," alisema. "Mke wangu hawezi kumwacha mtoto. Toka jana nakula kwa kushoto."

"Astaghfirullah," Haroub alisema. "Usile tena. Nnakuja."